Udongo wa Mlimani na Soko la Lushoto

Ndugu mkulima, msafiri atokaye Mombo, penye reli ya Tanga, huukabili mlima mara moja. Barabara hupanda kwa kujipindapinda, hupita Soni, na baada ya kilometa 33 hivi humfikisha Lushoto, mji mdogo ulio karibu meta 1,400 juu ya bahari. Wadachi waliuita Wilhelmstal. Chini ni joto na mashamba ya mkonge. Huku juu Usambara kuna baridi, ukungu, na mvua za vuli na masika.

Baridi hiyo ndiyo mali yetu. Kabichi, karoti, viazi ulaya, plamu na peasi hustawi hapa kuliko pwani, kwa hiyo masoko ya Tanga na Dar es Salaam huyapokea mazao yetu kwa furaha. Lakini mboga haingoji. Mvua ikiporomosha udongo barabarani, gari huchelewa, kabichi huoza, na mwenye mali hukubali bei yoyote. Tena mchuuzi hutaka gunia la lumbesa, lililojazwa kupita mdomo wake, akalipa bei ya gunia moja. Basi uza kwa mizani, wala usiende sokoni peke yako. Mkiuza pamoja mtasikilizwa.

Hata hivyo hasara kubwa zaidi haiko sokoni, i shambani mwako. Tazama kijito baada ya mvua kubwa: maji yamekuwa mekundu. Huo ndio udongo wako, wateremka kwenda kwa watu wengine, wala haurudi. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza pia.

Jambo hili si geni. Mwaka 1946 Serikali ya wakati ule ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo. Watu waliamriwa kulima matuta, na asiyetii alishtakiwa. Kazi ilikuwa nzito, hasa kwa akina mama, na faida haikuonekana upesi. Watu wakakataa, na mpango ukafa kabla ya uhuru wa 1961. Amri ilishindwa, lakini mvua haikuacha kuchukua udongo.

Kwa hiyo sikuamuru, nakushauri. Anza na kipande kimoja kidogo. Pima mstari ulio sawa, usiopanda wala kushuka, ukikatiza mteremko. Chimba mfereji, utupe udongo upande wa juu, na juu ya tuta hilo panda majani ya guatemala. Mizizi yake hushika udongo; majani yake ukate, umlishe ng'ombe zizini; na samadi yake uirudishe shambani. Migomba usiing'oe yote kwa tamaa ya kabichi, maana kivuli na majani yake huifunika ardhi, kama wazee wetu walivyojua.

Masika mawili yakipita, linganisha kipande hicho na kile ulichokiacha. Shamba lenyewe litakujibu, nawe hutahitaji mwalimu.