Mabango ya picha za kauboi: mnunuzi anajua bei, muuzaji hajui

WAKATI wafanyabiashara wengi wa Tabora wanafuatilia tumbaku, asali na mpunga, wiki hii ukurasa huu unaangalia bidhaa isiyo na ghala wala stakabadhi, na ambayo wengi waliokuwa nayo waliishia kuifungia karanga. Ni mabango ya zamani ya picha za sinema, hasa picha za kauboi zilizopita katika kumbi zetu tangu miaka ya 1940 hadi ya 1970.

Sababu ya kuieleza ni moja. Katika biashara hii mnunuzi aliyeko Ulaya, Marekani au Japani anaijua bei, na mwenye karatasi sandukuni haijui. Dalali anayekaa katikati yao anaishi kwa tofauti hiyo.

Kwanza bei za kileleni, ili msomaji aone ukubwa wa soko lenyewe. Mwaka 2017 kampuni ya minada ya Heritage ya Dallas, Marekani, iliuza bango la picha ya Dracula ya mwaka 1931 kwa dola 525,800. Mwaka huo huo iliuza bango la Casablanca kwa dola 478,000. Hilo la pili lina somo, kwa sababu halikuwa bango la Kimarekani. Lilichapwa Italia mwaka 1946 na kuchorwa na Luigi Martinati, miaka minne baada ya picha yenyewe kutoka Marekani. Kwa hiyo mtu asimdharau mtu mwenye bango la lugha asiyoisoma.

Hizo mbili si picha za kauboi, na hakuna anayepaswa kulala akiota tarakimu hizo. Mabango mengi ya kauboi wa kawaida huuzwa kwa makumi au mamia ya dola. Yale ya picha kubwa kama Stagecoach ya 1939, High Noon ya 1952, The Searchers ya 1956 na zile za Sergio Leone hupanda mbali zaidi, yakiwa ni ya chapa ya kwanza na hali yake ni nzuri. Lakini hata dola 100 si kitu cha kufungia karanga.

Karatasi hii imekuwa ghali kwa kuwa haikutengenezwa ili iuzwe. Bango lilikuwa chombo cha kazi, sawa na pakiti ya mbegu. Lilibandikwa ukutani kwa gundi ya unga, likanyeshewa, na wiki iliyofuata likabandikwa jingine juu yake. Nchini Marekani, kuanzia mwaka 1940, kampuni ya National Screen Service ilisambaza mabango ya karibu kampuni zote kubwa. Mwenye ukumbi aliyakodi, akayatumia, akayarudisha yaende mji mwingine. Yaliyopona ni yale yaliyosahaulika: nyuma ya kabati, chini ya zulia, au ndani ya ukuta kama kizuizi cha baridi.

Kampuni hiyo iliacha alama inayomsaidia mnunuzi hadi leo. Kwenye ukingo wa chini wa bango iliandika mwaka na namba ya picha vikitenganishwa kwa mkwaju. Bango la mwaka 1952 huanza na 52. Ukiona herufi R mbele ya mwaka, hiyo ni chapa ya marudio, yaani picha ilirudishwa sokoni baadaye, na bei hushuka. Bango la kabla ya 1940 halipaswi kuwa na namba hiyo hata kidogo.

Alama ya pili ni mikunjo. Mpaka miaka ya 1980 mabango ya kawaida ya Marekani yalitoka kiwandani yamekunjwa mara kadhaa ili yaingie kwenye bahasha. Anayekuletea bango la mwaka 1966 lililonyooka kama karatasi ya ofisini, halina hata mstari mmoja, muulize maswali zaidi.

Alama ya tatu ndiyo rahisi kuliko zote, na inahitaji futi ya fundi cherehani tu. Kila nchi ilikuwa na kipimo chake. Bango la kawaida la Marekani la miaka hiyo ni sentimeta 69 kwa 104, limesimama. La Uingereza limelala, 102 kwa 76. Italia ilikuwa na kubwa la 100 kwa 140, kubwa zaidi la 140 kwa 200, na jembamba la dukani la 33 kwa 70. Ufaransa ilitumia 120 kwa 160 kwa ukutani na 40 kwa 60 kwa ndani. Japani ni 51.5 kwa 72.8. Australia ilikuwa na refu jembamba la takriban 33 kwa 76, na wapo wakusanyaji wasiotaka jingine ila hilo.

Ubelgiji inastahili neno lake. Mabango yake ni madogo, yameandikwa Kifaransa na Kiholanzi pamoja, na mara nyingi sehemu ya juu iliachwa wazi ili mwenye ukumbi aandike jina la sinema na siku. Ubelgiji ilitawala Kongo hadi 1960 na Ruanda-Urundi hadi 1962, kwa hiyo mtu wa Kigoma au Bujumbura akikutana na karatasi ya lugha mbili yenye kauboi, asidhani imekosewa kiwandani.

Kipimo cha kuogopwa ni sentimeta 61 kwa 91. Hicho ni kipimo cha mabango ya mapambo yanayochapwa mpaka leo kwa ajili ya vyumba vya vijana. Mwandishi wa safu hii analijua hilo kwa gharama. Miaka kadhaa iliyopita, katika duka moja la vitu vya kale jijini Dar es Salaam, alinunua bango la Django akiamini ni la mwaka 1966. Rangi ilipendeza, muuzaji alikuwa mzee wa heshima, na pembe zilikuwa zimechakaa vizuri mno. Aliporudi nyumbani akapima: 61 kwa 91. Pembe zilisuguliwa kwa msasa. Bango lipo ukutani hadi leo na wageni hulisifu, lakini halina thamani ya soko.

Tukilitaja Django, kuna mtego mwingine. Picha hiyo ya Sergio Corbucci, iliyomfanya Franco Nero kuwa stelingi wa vijana wengi wa Afrika Mashariki, ilipendwa kiasi kwamba wasambazaji wa Ujerumani waliligawa jina la Django kwa picha nyingine nyingi za kauboi wa Kiitalia ambazo hazihusiani nayo. Bango la Kijerumani lenye neno Django kwa herufi kubwa linaweza kuwa la picha nyingine kabisa. Soma jina la mwongozaji na la mchezaji kabla ya kutoa pesa.

Wakusanyaji wengi hufuata kanuni kwamba bango la nchi ilikotengenezwa picha ndilo lenye bei. Kwa kauboi wa Kiitalia, kanuni hiyo inaigeuza Marekani kuwa nchi ya kigeni. A Fistful of Dollars ilitoka Italia mwaka 1964, lakini Marekani iliipata mwaka 1967. Leone mwenyewe alijiita Bob Robertson katika toleo la kwanza ili picha ionekane ya Kimarekani, hivyo jina hilo geni kwenye karatasi ya Kiitalia ni dalili njema na si kosa la mchapaji. Aidha, wachoraji wa Kiitalia kama Renato Casaro, aliyechora bango la Il mio nome è Nessuno la mwaka 1973, sasa wana wanunuzi wanaofuata mkono wa mchoraji na kumwacha stelingi.

Swali la msomaji wa Tabora ni moja: hapa yalifika?

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mwaka 1928 tawi la Mwanza likakamilika. Njia ile ile iliyobebwa vichwani na misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ikawa njia ya mabehewa, na masanduku ya filamu yakawa mzigo mmojawapo. Picha ilianza miji mikubwa ya pwani, ikazunguka miji ya bara, na ilipofika katikati ya nchi ilikuwa imechoka, na mabango yake yamechoka nayo. Karatasi iliyobandikwa na kubanduliwa miji mitano haiwezi kufika ya sita ikiwa nzima.

Kisha yakaja mambo ya sera. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968. Mwaka 1971 sheria ya kutwaa majengo iliyagusa majumba mengi makubwa ya biashara, na ya sinema yakiwemo, na kuna familia zilizoondoka nchini na kuacha stoo zilivyo. Miaka ya 1980 kanda za video ziliingia, mwaka 1994 vituo binafsi vya televisheni vikaanza kurusha matangazo Tanzania Bara, na kumbi zikawa maghala, makanisa na maduka ya vipuri. Katika kila mabadiliko kama hayo kuna mtu alisafisha chumba na kutupa makaratasi.

Ndiyo maana karatasi yenye ushahidi wa huku ni adimu kuliko karatasi yenyewe. Bango la Kimarekani la picha fulani laweza kuwa na nakala mia duniani. Lile lenye kipande kilichobandikwa chini, kimeandikwa kwa mkono jina la sinema ya mji wetu, siku na saa ya onyesho, huenda ni moja tu. Wauzaji wasiojua hukibandua kipande hicho ili bango lionekane safi. Wanabandua pesa. Vyuo na wanahistoria wameandika kwa kirefu juu ya vijana wa Léopoldville waliojiita Bills kwa kumuiga Buffalo Bill, na juu ya wachimba shaba wa Zambia ambao kila kauboi kwao aliitwa Jeke. Watu wa aina hiyo hutafuta ushahidi wa maonyesho ya Afrika, na si picha nzuri tu.

Ghana imeonyesha soko hilo lilivyo. Huko, kuanzia miaka ya 1980, wenye video za kuzunguka vijijini waliwapa wachoraji kazi ya kuchora mabango kwa mkono juu ya magunia ya unga yaliyofumuliwa na kushonwa pamoja. Wakati ule yalikunjwa juu ya gari kama turubai. Sasa yananunuliwa na wakusanyaji na kutundikwa katika nyumba za sanaa za Marekani. Vibanda vyetu vya video vilitumia ubao na chaki, na chaki haiuziki.

Kwa anayetaka kuanza mkusanyo wenye maana kwa Tabora, pendekezo la safu hii si Django. Ni Stanley and Livingstone, iliyotolewa na kampuni ya 20th Century Fox mwaka 1939, Henry King akiongoza na Spencer Tracy akiwa Stanley. Hiyo ni nusu kauboi, nusu msafara. Inaanzia Wyoming kwa Wahindi Wekundu, na mpelelezi wa mbugani anayechezwa na Walter Brennan anafuatana na Stanley hadi Afrika. Sehemu za safari zilipigwa Kenya, Uganda na Tanganyika chini ya Otto Brower, mtu aliyekwisha kuongoza picha kadhaa za kauboi. Stanley wa kweli naye aliripoti vita vya Wahindi hao mwaka 1867, kabla ya kufika Unyanyembe mwaka 1871, kujiingiza katika vita vya Waarabu dhidi ya Mirambo, na kurudi kukaa na Livingstone katika tembe la Kwihara mwaka 1872. Tembe lipo, ni makumbusho. Mkusanyo wa mabango ya picha hiyo kutoka nchi mbalimbali, ukining'inizwa mjini hapa, ungekuwa na sababu ya kuwapo ambayo Dallas haina.

Sasa utunzaji. Adui wa kwanza ni mchwa, wa pili ni msaada wa ndugu. Usipige plastiki; bango lililopigwa plastiki limekufa kwa mnunuzi. Usitumie selotepu, usikate ukingo mweupe ili liingie kwenye fremu, usipige pasi. Weka karatasi ikiwa bapa kwenye sanduku la bati lililoinuliwa sakafuni, mbali na ukuta unaovuta maji ya masika. Mafundi wa nje hubandika mabango juu ya kitambaa cha pamba kwa gundi inayoweza kuondolewa kwa maji. Kitambaa chenyewe ni ndugu wa merikani iliyokuwa fedha ya njia hii enzi za misafara, lakini kazi hiyo asiijaribu mtu jikoni.

Aliye na karatasi na anataka kuuza, apige picha nne: mbele nzima na futi kando yake, ukingo wa chini kwa karibu ili namba na jina la mchapaji visomeke, nyuma yote, na kila palipochanika. Azitume kwa wanunuzi au nyumba za minada zaidi ya moja, na alinganishe bei zilizokwisha kulipwa minadani, kwani nyumba kubwa huzionyesha kwenye intaneti. Bei anayoomba muuzaji mwingine si bei ya soko mpaka imelipwa. Aulize pia kamisheni, bima na usafirishaji vinalipwa na nani.

Bango lisiondoke mkononi kabla malipo hayajaingia benki. Likiwa na mikunjo yake ya asili, lisafirishwe limekunjwa hivyo hivyo kati ya makadibodi mawili magumu. Likiwa limenyooka, liviringishwe ndani ya bomba nene. Na kile kipande cha chini chenye jina la sinema kibaki mahali pake.