Viazi, Matope na Nguruwe: Maisha ya Wakulima wa Bonde la Baliem

Msomaji, ukitoka Mombasa ukaelekea mashariki moja kwa moja, ukavuka bahari na kupita visiwa vingi, mwisho wa safari utafika kisiwa kikubwa cha New Guinea. Nusu yake ya magharibi ni sehemu ya Indonesia, nayo huitwa Papua. Katikati ya kisiwa pana milima mirefu, na katikati ya milima pana bonde liitwalo Baliem, lenye urefu wa zaidi ya maili 40. Kimo chake ni futi 5,000 na kitu juu ya bahari, karibu sawa na Nairobi. Wenyeji wake ni Wadani.

Watu wa nje hawakulijua bonde hilo mpaka mwaka 1938, wakati Mmarekani mmoja, Richard Archbold, alipopita juu yake kwa ndege. Alitazamia kuona msitu mtupu. Badala yake aliona vijiji vingi, na mashamba yamekatwa mitaro na kuzungushiwa kuta za mawe. Watu waliofanya kazi hiyo hawakuwa na chuma hata kidogo. Walikata miti kwa shoka la jiwe, wakachimba kwa mti uliochongwa ncha. Hawakuwa na ng'ombe, wala plau, wala mbolea ya dukani.

Basi walishaje watu wengi hivyo? Jibu limo katika mitaro.

Chakula cha Mdani ni kiazi kitamu, ambacho yeye hukiita hipere. Asubuhi ni kiazi, jioni ni kiazi. Lakini wewe uliyepanda viazi wajua kwamba mmea huo hauvumilii maji yaliyosimama, na sakafu ya bonde la Baliem ni tambarare yenye maji, tena mvua hunyesha karibu kila mwezi. Kwa hiyo wanaume huchimba mitaro mirefu kuzunguka kila kitalu, mingine ya kina cha kumfikia mtu kiunoni na zaidi. Wakati wa mvua maji hutoka shambani kwa mitaro hiyo. Jua likizidi, maji huzuiwa yabaki humo, na udongo haukauki upesi.

Tena kuna faida nyingine, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa. Tope likijaa mtaroni pamoja na magugu na majani yaliyooza, watu hulizoa na kulimwaga juu ya kitalu. Hiyo ndiyo mbolea yao. Udongo ulioteremka na maji haupotei mtoni, bali hurudishwa juu pale pale ulipotoka. Na shamba likichoka hupumzishwa. Mahali pengi huko milimani watu hupanda miti ya mvinje katika mashamba yaliyopumzishwa, maana mvinje huutia udongo nguvu, na baadaye hutoa kuni na mbao za boma.

Wanaume wakimaliza mitaro, kazi iliyobaki ni ya kina mama: kupanda, kupalilia, kuvuna, kubeba na kupika. Ukihesabu saa za mwaka mzima utaona mzigo uko wapi. Mama hapandi aina moja tu ya kiazi. Anazijua aina nyingi kwa majina yake: cha mtoto mchanga, cha wageni, cha nguruwe. Wala havuni shamba lote kwa siku moja. Hufukua kwa kijiti, huchukua viazi vilivyokomaa, kisha hufukia vidogo vikue. Ghala lake ni ardhi yenyewe. Mavuno hutiwa katika kikapu cha nyuzi kiitwacho noken, ambacho mkanda wake hukaa juu ya paji la uso na mzigo mgongoni. Mama wa Nyeri au Murang'a aliyebeba kiondo hahitaji kuelezwa zaidi.

Nyumba ya Wadani huitwa honai. Ni ya duara, kuta zake ni mbao, paa lake ni nyasi, na haina dirisha. Moto huwaka katikati usiku kucha, kwa sababu baridi ni kali. Wanaume hulala nyumba yao, wanawake na watoto yao. Joto lipo, lakini moshi haupati njia ya kutoka, na kifua na macho huumia, hasa ya watoto.

Nguruwe kwa Mdani ni kama ng'ombe kwa wengi wetu. Mahari hulipwa kwa nguruwe, msiba hauzikwi bila nguruwe, na watu waliogombana hupatanishwa kwa nguruwe. Siku ya karamu nyama na viazi hupikwa pamoja katika shimo, juu ya mawe yaliyochomwa motoni, na kufunikwa majani. Siku nyingine nguruwe hula viazi vidogo na majani ya viazi, tena huzurura karibu na nyumba.

Hapa yapasa usome kwa makini. Katika miaka ya 1970, upande wa magharibi wa milima hiyo, karibu na maziwa ya Paniai, waganga walianza kupokea wagonjwa wengi waliochomeka vibaya. Walikuwa wameanguka motoni usiku kwa kifafa, watu ambao zamani hawakuwa na ugonjwa huo. Ilionekana kwamba chanzo ni tegu wa nguruwe. Tegu huyo aliingia pamoja na nguruwe walioletwa kutoka Bali kama zawadi. Mtu akila nyama yenye malengelenge ya tegu isiyoiva, mnyoo hukaa tumboni mwake, na mayai hutoka kwa choo. Mayai hayo yakiingia kinywani mwa mtu kwa mikono michafu au chakula, hufika hata katika ubongo, na hapo kifafa huanza. Nguruwe naye huyapata kwa kula kinyesi cha watu. Baadaye ugonjwa ulifika mpaka Baliem. Tegu huyo huyo amepatikana katika nguruwe wa Busia, kwa hiyo choo cha shimo, nguruwe wa zizini na nyama iliyoiva sawasawa si mambo ya Papua peke yake.

Mji wa bonde hilo ni Wamena. Kwa miaka mingi haukuwa na njia ya kufikiwa kutoka pwani ila ndege au miguu, na mpaka sasa mizigo mingi huja kwa ndege. Kwa hiyo saruji, mafuta na chumvi huuzwa ghali mno. Mchele nao huletwa kutoka nje, mwingine kwa msaada wa serikali, na vijana wengi wanaupenda kuliko viazi. Wazee hulalamika kwamba mitaro mingine inajaa nyasi kwa kukosa wachimbaji.

Juu zaidi ya bonde, kupita futi 7,000, kuna vijiji vinavyoogopa jambo moja kuliko yote, nalo ni sakitu. Mwaka wa ukame mawingu hupotea, usiku huwa mweupe, na asubuhi majani ya viazi yamekuwa meusi kama yaliyounguzwa. Viazi vilivyo chini huoza. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1997, na tena mwaka 2023 katika wilaya ya Puncak, ambako watu walikufa. Ndege za chakula hushindwa kutua kwa ukungu, na mahali pengine kwa hofu ya mapigano.

Wanaoweza kutembea huteremka kwa jamaa zao wa mabonde ya chini, hukaa huko na kuwasaidia kulima. Mvua ikirudi hupanda tena mlimani, na katika noken zao hubeba vipande vya miche ya viazi, kwa maana juu hakuna mche uliobaki. Wakishaipanda, watangoja miezi minane au zaidi kabla ya kula.