Lugha ya Uchapishaji wa Utafiti wa Viumbe wa Seli Moja: Mfano wa Ziwa Kivu

1.0 Utangulizi

Mvuvi wa Gisenyi avuaye sambaza usiku huwategemea viumbe asioweza kuwaona kwa macho. Sambaza, samaki mdogo aliyeletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960, hula hasa wanyama wadogo waeleao majini. Nao wanyama hao hula mwani wa seli moja. Makala hii inachunguza lugha zilizotumika kuchapisha utafiti wa mwani huo, na inajenga hoja kwamba kanuni za sayansi hazikifungii Kiswahili mlango kwa kiasi kinachodhaniwa. Kikwazo kikubwa zaidi ni istilahi na mazoea ya uchapishaji.

2.0 Lugha za Machapisho

Sampuli zilizokusanywa na Hubert Damas mwaka 1935 na 1936 katika maziwa ya eneo hili zilichunguzwa na Friedrich Hustedt wa Ujerumani. Kazi yake kuhusu diatomu, yaani mwani wa seli moja wenye ganda la silika, ilichapishwa Brussels mwaka 1949 kwa Kijerumani. Mwaka 2012, Jean-Pierre Descy, François Darchambeau na Martin Schmid walihariri kitabu kizima kuhusu Ziwa Kivu, nacho kikatoka kwa Kiingereza. Maarifa hayo yamehama kutoka lugha moja ya Ulaya hadi nyingine bila kupitia Kiswahili, lugha inayotumika kila siku kwenye mpaka wa Gisenyi na Goma, na ambayo Rwanda iliifanya rasmi mwaka 2017.

3.0 Kanuni za Majina

Viumbe hawa husimamiwa na kanuni mbili. Kanuni ya mwani, kuvu na mimea ilidai kwamba spishi mpya ya mwani ulio hai ielezwe kwa Kilatini kuanzia mwaka 1958 hadi mwisho wa 2011. Tangu 1 Januari 2012 Kiingereza nacho kinakubaliwa. Kabla ya 1958 sharti hilo halikuwapo kwa mwani, na ndiyo maana Kijerumani cha Hustedt kilitosha. Kanuni ya wanyama, inayohusu protozoa, inataka jina liandikwe kwa herufi za Kilatini, lakini hailazimishi lugha ya maelezo. Inapendekeza tu lugha inayotumika sana kimataifa. Hivyo, amiba mpya anaweza kuelezwa kwa Kiswahili na jina lake likakubalika, ilhali diatomu mpya atahitaji pia maelezo ya Kilatini au Kiingereza. Hata hapo, sehemu nyingine zote za makala zaweza kuwa za Kiswahili.

4.0 Tatizo la Istilahi

Neno "vijidudu" hubebeshwa bakteria, virusi na protozoa kwa pamoja. Yukarioti ana kiini kilichozungukwa na utando. Bakteria hana kiini cha namna hiyo. Virusi si seli kabisa. Tofauti hii ina uzito: kimelea cha malaria ni yukarioti, na anayemwita bakteria humpotosha mgonjwa kuhusu dawa. Vilevile, "mwani" kwa msomaji wa pwani ni ule unaolimwa Zanzibar, unaoonekana na kushikika. Hivyo, anayeandika kuhusu Kivu hana budi kusema "mwani wa seli moja". Hamira, kwa upande wake, ni kuvu wa seli moja ambaye tayari ana jina lililozoeleka katika mkate na bia. Kamusi ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 iliweka msingi; kinachohitajika ni istilahi hizo kutumiwa katika makala halisi.

5.0 Hitimisho

Gesi ya methani huvunwa kutoka maji ya kina ya Kivu, ambayo yana virutubishi vingi. Maji hayo yakirudishwa karibu na uso, mwani waweza kubadilika, na sambaza pamoja nao. Wavuvi wanastahili kusoma matokeo ya utafiti huo na kuyahoji. Hatua ya kwanza ni ndogo: kila makala kuhusu ziwa hili iambatane na ikisiri ya Kiswahili iliyoandikwa na mtafiti akishirikiana na mwanaisimu, na kila istilahi ifafanuliwe inapotajwa mara ya kwanza.