"Nchi ya Kipato cha Kati" Maana Yake Nini?

Septemba 2014 Kenya ilitangazwa kuwa nchi ya kipato cha kati, ngazi ya chini. Wengi Likoni, Kisauni na Changamwe wakauliza: mbona mfukoni hakuna tofauti?

Kilichobadilika siku ile ni hesabu. Wataalamu wa takwimu waliacha kupimia mwaka 2001, wakachukua 2009, na shughuli zilizokuwa hazihesabiwi vyema, kama huduma za simu, zikaingizwa. Pato la taifa likapanda kwa takriban asilimia 25.

Benki ya Dunia hupanga nchi kwa wastani: pato lote la mwaka hugawanywa kwa idadi ya watu, mtoto mchanga akiwemo. Kwa wastani, mwenye malori kumi Changamwe na muuza viazi karai pale feri wanaonekana wana pato sawa!

Hata hivyo jina hili lina uzito. Nchi ikipanda daraja, mikopo ya riba nafuu huanza kupungua, na riba ya juu hulipwa kwa kodi zetu. Tanzania nayo ilipanda Julai 2020.

Kwenye vikao vya maoni ya bajeti, mkazi, uliza pia kiwango cha umaskini. Hicho huhesabu watu wasiomudu mahitaji ya lazima.