Punguzo la Karo Lipigiwe Hesabu ya Miaka Minne

Matokeo ya KCSE yanapotoka, familia nyingi za Migori na Homa Bay hufikiwa na matangazo ya vyuo vikuu vya kibinafsi: punguzo la karo, ufadhili kwa waliopata alama za juu, nafuu kwa ndugu wanaosoma pamoja, au ruhusa ya kulipa kidogo kidogo. Kwa mzazi anayetegemea miwa au omena, tangazo kama hilo huweza kuamua mtoto atasomea wapi.

Vivutio hivi vina uzito zaidi tangu 2023. Kuanzia 2016, serikali ya kitaifa iliwalipia sehemu ya karo wanafunzi waliopangiwa vyuo vya kibinafsi kupitia KUCCPS. Mfumo mpya wa ufadhili uliotangazwa Mei 2023 ulielekeza ufadhili wa serikali kwa wanafunzi wapya wa vyuo vya umma, kama vile Rongo na Tom Mboya. Anayechagua chuo cha kibinafsi bado anaweza kuomba mkopo wa HELB, lakini mkopo hulipwa pamoja na riba.

Punguzo la mwaka wa kwanza pekee linaweza kupotosha. Kwa mfano, chuo kimoja kinatoza Sh80,000 kwa muhula na kupunguza asilimia 25 mwaka wa kwanza. Kingine kinatoza Sh65,000 bila punguzo. Mwaka wa kwanza, cha kwanza ni nafuu: Sh120,000 dhidi ya Sh130,000. Kwa miaka minne yenye mihula miwili kila mwaka, cha kwanza kinagharimu Sh600,000 na cha pili Sh520,000. Tofauti ni Sh80,000, na huenda ikajitokeza wakati mwanafunzi tayari yuko katikati ya masomo.

Kabla ya kukubali nafasi, mzazi na mwanafunzi waulize, na wapewe majibu kwa maandishi:

• Punguzo litadumu miaka mingapi?
• Mwanafunzi atalipoteza alama zikishuka?
• Linahusu karo pekee, au pia malazi, mitihani na usajili?
• Je, karo inaweza kupandishwa?

Aidha, wahakikishe kuwa chuo na kozi vimeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kozi za uuguzi, sheria au uhandisi zinahitaji pia kutambuliwa na bodi za taaluma hizo. Shahada isiyotambuliwa ni hasara, hata karo ikiwa nafuu.