Itazame bahari kabla ya kuitazama saa

Wiki hii ningependa tuzungumze juu ya kutembea. Sina maana ya kule kutembea kwa kukosa nauli, ambako wengi wetu tunakufahamu vizuri mno, bali kutembea kwa hiari: mtu na familia yake au na rafiki zake wanaamka siku ya mapumziko, wanafunga chakula, wanakwenda kutembea ufukweni au shambani na kurudi nyumbani kabla ya giza.

Jirani yangu mmoja aliponiona Jumapili alfajiri nimevaa raba na kubeba chupa ya maji, aliniuliza kama gari limeharibika. Nilipomjibu kwamba naenda Kaole kutembea tu, alicheka sana. “Mzee, hayo si mambo ya watalii?” Nikamwambia kwamba watu wa pwani walikuwa wakienda kupunga upepo zamani sana, kabla mtalii wa kwanza hajashuka kwenye meli. Lililobadilika ni kwamba sisi tunaoishi Dar es Salaam tumezoea kuiona bahari kupitia dirisha la daladala, na siku tukiamua kuifuata, tunachagua mahali kwa sababu tumesikia jina lake au tumeona picha yake. Picha haikuambii maji yatakuwa wapi saa nane mchana.

Hapo ndipo penye jambo. Matembezi ya nchi kavu unaweza kuyapanga kwa saa yako ya mkononi. Ya pwani hupangwa na bahari. Mvuvi analijua hili tangu utotoni, lakini mtu wa mjini aliyezaliwa Magomeni au Temeke huenda hajawahi kuambiwa, kwa hiyo niruhusuni nilieleze taratibu.

Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Toka kupwa hadi kujaa ni saa 6 na dakika chache, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Ukikuta maji yamepwa kabisa saa 4 asubuhi leo, kesho yatapwa karibu na saa 5. Tofauti kati ya kujaa na kupwa nayo si ileile kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku 2 hivi zinazofuata, tunapata bamvua: maji huenda mbali sana na hurudi juu sana, na hapa Dar es Salaam tofauti hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu tunapata maji mafu, na tofauti ni kama mita 1 tu.

Sasa tazama jambo ambalo linamfaa sana mtembeaji. Katika pwani hii, siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na hujaa sana jioni, kwenye saa 10 na nusu hivi. Ni hivyo kila bamvua, mwezi baada ya mwezi. Kwa hiyo huhitaji kitabu cha nahodha. Tazama kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu: siku ya 1 hadi ya 3, na ya 15 hadi ya 17, ni za bamvua. Ikiwa Jumapili imeangukia hapo, asubuhi yako ni ya ufukweni. Utakuta mchanga mpana, mgumu, wenye unyevu, unaokanyagika kama barabara. Lakini ukichelewa kuamka, ukaanza saa 7, unatembea huku bahari inakufuata.

Na inakufuata kwa namna inayodanganya. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia hugawa mpando wote katika mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu na ya nne mafungu 3 kila moja, ya tano 2, ya sita 1. Maana yake, saa nzima ya kwanza unaona bahari kana kwamba haina nia yoyote, watoto wanaokota kombe, wewe unasema bado mapema. Kisha katika saa ya tatu, siku ya bamvua, maji yanapanda robo tatu ya mita kwa saa moja tu. Mkono wa bahari uliouvuka asubuhi kwa kulowesha vifundo vya miguu unakufika kiunoni wewe, na mtoto wako shingoni.

Siku za maji mafu mambo ni ya upole zaidi. Maji hayapandi sana, sehemu ya juu ya ufuko hubaki kavu mchana kutwa, ila ndiyo ile yenye mchanga mlaini unaomeza mguu. Kwenye mchanga mgumu mtu mzima hutembea kilomita 4 kwa saa bila taabu. Kwenye mlaini hesabu 3 au chini ya hapo, na ukiwa na watoto punguza tena. Mimi siku hizo napendelea kwenda msituni, nitaeleza baadaye.

Lipo swali la pili, ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko la kwanza: bahari ikija, utatokea wapi? Zamani jibu lilikuwa rahisi. Unapanda juu, unapita kwenye minazi, unapiga hodi, unaonyeshwa njia ya kwenda barabarani. Leo ukitembea upande wa kaskazini mwa jiji, zipo sehemu ambazo ukuta wa nyumba moja unaungana na ukuta wa nyumba nyingine, na maji ya bamvua yanapiga kwenye kuta hizo. Mtembeaji hana pa kupanda. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa bahari. Mita 60 ni eneo kubwa. Lingetosha watu, mikoko na nyavu za wavuvi. Kuna hoteli moja, sitaitaja, ambayo mlinzi wake alitusimamisha mimi na wenzangu tukiwa kwenye mchanga uliolowa, mahali ambapo samaki alikuwepo saa 3 zilizopita, akatuambia tunapita kwenye eneo la watu. Tulimsalimu, tukaendelea. Yeye ametumwa tu. Lakini mwenye ukuta ajue kwamba ukuta ule haumzuii mtu asiingie peke yake, unamzuia pia mtu asitoke majini.

Kwa sababu hiyo, kabla sijachagua sehemu ya ufuko nauliza kwanza njia za kutokea. Nataka kila nusu saa ya kutembea iwe na njia ya wazi ya kupanda juu, iwe ya kijiji, ya diko la wavuvi au ya barabara ya vumbi. Sehemu isiyokuwa nayo naiacha, hata kama inapendeza namna gani.

Hebu sasa tuichukue safari moja tuipime kwa vipimo hivyo. Mji wa Bagamoyo uko umbali wa kama kilomita 70 kutoka Dar es Salaam, na magofu ya Kaole yako kilomita 5 hivi kusini mwa mji huo. Watu wengi huanza mjini kwenda Kaole. Mimi nasema igeuze. Fika Bagamoyo mapema, chukua bajaji mpaka Kaole, lipa kiingilio, tazama magofu wakati jua halijawa kali. Msikiti wa kale zaidi pale ni wa karne ya 13, na kando yake yamo makaburi yenye nguzo za mawe. Utashangaa kwamba mji huo wa bandari leo hauoni bahari. Tope limejaa, mikoko ikaota, na mahali palipotia nanga majahazi pamekuwa msitu.

Kutoka hapo muombe mwenyeji akuongoze kupita mikokoni hadi ufukweni. Njia hiyo ni ya wakati wa maji kupwa tu. Maji yakijaa huingia mpaka kwenye mizizi na njia haionekani tena. Ukianza saa 3 asubuhi siku ya bamvua, bahari bado inarudi nyuma, na kabla ya saa 5 na nusu umeshafika mjini bila kukimbia. Tangu Juni hadi Septemba kusi inakusukuma mgongoni. Jua la asubuhi liko kulia kwako, halikupigi usoni. Na mwisho wa safari kuna soko la samaki, kuna kivuli, kuna basi. Hiyo ndiyo faida ya kuigeuza: miguu inapochoka, vitu vyote vinavyotakiwa viko mbele yako. Mwenye nguvu bado anaweza kwenda kuona misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako mwili wa Livingstone ulipitishwa mwaka 1874 ukienda kuvushwa Unguja na hatimaye Uingereza.

Vaa raba, si makubazi, maana kwenye mawe ya matumbawe kuna viumbe wenye miiba. Beba lita 2 za maji kwa kila mtu. Msiende chini ya watu wanne kwenye fukwe zilizo tupu, na simu na fedha zisiwe mkononi. Mkipita kijijini, vaeni nguo za heshima na msisahau salamu. Mzee anayetengeneza nyavu chini ya mkungu atawaambia habari za maji ya siku hiyo kwa usahihi kuliko mimi.

Nilisema siku za maji mafu naenda msituni. Ninakokwenda ni Pugu, mwendo wa kama kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Daladala za kupitia Gongo la Mboto kwenda Kisarawe zinafika. Hiki ni kipande kilichobaki cha misitu ya kale ya pwani, na kwa miaka mingi kimeliwa na wachoma mkaa, mkaa ambao, tuseme kweli, ulipikia chakula chetu sisi wa mjini. Sasa pamoja na Kazimzumbwi ni hifadhi ya mazingira asilia, kwa hiyo kuna kiingilio na kuna mwongozaji. Mchukue mwongozaji. Milimani humo kuna mashimo ya zamani yaliyochimbwa udongo mweupe wa kaolini, baadhi ni mapango marefu yenye popo maelfu kwa maelfu, na si mahali pa kuingia kwa kubahatisha na tochi ya simu.

Faida ya Pugu ni kivuli. Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma na ufuko unawaka, chini ya miti ile mtu anaweza kutembea hata saa 6 mchana. Wakati wa masika usiende: udongo ule ukilowa unateleza kama sabuni, na nimeona vijana wenye nguvu wakishuka mteremko kwa makalio. Siku isiyo na ukungu, kwenye sehemu za juu zilizo wazi, unaweza kuliona jiji lote limelala chini na bahari nyuma yake. Anza kushuka saa 9 na nusu ili saa 11 uwe barabarani, kwa sababu baada ya hapo magari ya kurudi mjini hujaa yakiwa bado Kisarawe na hayasimami tena Pugu.