Plaki ya arkade, télé ya zamani na volti 5: vile tuliunga nyumbani

Wandugu wahitimu, tangu niliweka picha ya ile mashini yetu ya jeu, watu wananiuliza paka swali moja: mutu wa agronomie anatafuta nini mu nyaya? Jibu ni fupi. Yaya yangu mwenye kuishi Ubelgiji alitutumia plaki moja ya arkade, ya kweli, ile inakuwaka ndani ya mashini kubwa za bistro. Ndugu yetu mudogo anatafuta makuta ya minerval. Batoto ya avenue wanalipa franka kwa kucheza. Plaki kama hii hawatengenezi tena, basi ikiungua, minerval nayo imeungua.

Tuanzie hapa: plaki haina siri kubwa. Tangu 1985, kampuni za Japani zilikubaliana juu ya konekta moja, wanaiita JAMMA. Iko na miguu 56, 28 kila upande. Umeme, picha, sauti, maneti, butoni, vyote vinapita hapo. Ukijua kuunga plaki moja ya JAMMA, umejua mamia. Street Fighter II ya Capcom, ya 1991, inaongeza konekta ndogo kwa butoni za mateke, sababu JAMMA ilipanga butoni 3 tu kwa muchezaji na ule mchezo unaomba 6.

Chunga upande wa kuingiza. Mguu wa 7 haukamate kitu, njo fasi ya ufunguo: kipande kidogo cha plastiki kinazuia konekta isiingie kinyume. Konekta nyingi za bei rahisi zinauzwa bila hicho kipande. Ukiigeuza, volti 12 zinaingia fasi ya butoni. Weka alama ya rangi pande zote mbili, konekta na plaki, mbele ya kitu kingine chochote.

Sasa umeme, na hapa nitakaa kidogo. Plaki inataka volti 5 kwa kazi yake yote, volti 12 kwa sauti, na zile za zamani zinaomba pia volti 5 za chini ya sifuri. Alimentation ya ordinateur inaweza kufanya kazi: unaunga waya wa kijani na mweusi, inawaka. Lakini sisi tulichukua ile ya arkade yenyewe, sababu iko na kiskurubu cha kupandisha na kushusha volti 5. Pima na multimetre juu ya plaki yenyewe, mchezo ukiwa unatembea. Usipime mwanzoni mwa waya! Waya murefu na mwembamba unakula volti njiani. Huku unasoma 5, kule inafika 4.7, na mchezo unaanza upya peke yake kila dakika. Watu wanasema plaki imekufa, kumbe ni waya. Usipite 5.1. Sisi wa agronomie tunajua: unapima pH kwanza, chokaa inafuata. Na kwa courant yetu ya kupanda na kushuka, stabilisateur iko lazima. Umeme ukikatika, chomoa prise, ungoje urudie vizuri.

Picha ilitupa kazi. Plaki inatoa nyekundu, kijani, bluu na sinkro, kwa karibu kHz 15. Ekra ya VGA ya ordinateur inataka karibu 31, basi itabaki nyeusi. Lakini télé za zamani zilizotoka Ulaya ziko na prise ya péritel, ya Wafaransa, na ile inapokea rangi tatu moja kwa moja. Péritel inataka volti 0.7 juu ya ohm 75; plaki inaweza kutoa 3.5. Fanya hesabu: rezistansi ya ohm 300 kwa kila rangi. Kwa sinkro weka 470, uipeleke mguu wa 20. Kisha mguu wa 16 wa péritel upewe volti 5 kupitia ohm 180, njo télé ijue kama rangi zimefika. Bila ule, ekra itabaki nyeusi.

Faida kubwa ya péritel ni kama haufungue télé. Ndani ya télé ya mgongo kuko zaidi ya volti 20,000, na zinaweza kubaki hata prise imechomolewa. Mutu akikuambia afungue kidogo tu, mwambie hapana, hata kama ni mukubwa wako.

Sauti ni rahisi: plaki iko na amplifikateri yake, unaunga spika ya ohm 8 kwa nyaya zake mbili. Usiipeleke mu télé, na usiunge ule waya wa pili na masse.

Butoni hazina siri. Waya mmoja wa masse unazunguka zote, kisha kila moja inarudi kwa mguu wake. Tulitoboa ubao wa libuyu wa mita moja, matundu ya milimita 30. Fasi ya kuingiza jeton tuliweka butoni moja, chini ya meza, upande wa mwenye kupokea makuta.

Kama hauna plaki, usiitafute. Ordinateur ya zamani na programu ya MAME, iliyoanza 1997, itakutosha, na ikiharibika hautalia. Anayetaka mpango wa miguu yote 56 aniandikie, nimeuchora kwa mkono na kuupiga picha.